Pampu ya Pili, Funga

Volti alikuwa tayari kupambana na mafuriko wakati wowote. Kilichomnyima raha ni kile kikao cha pamoja, maana ng'ambo ya meza aliketi baba mkwe wake, na mtu na mkwewe hawakuumbwa kuketi meza moja wakipeana amri.

Kikao chenyewe kilizaliwa na fedheha. Mvua za mwaka uliotangulia, mto ulipofurika, watu wa umeme walizima laini zote za bondeni ili mtu asife kwa shoti, kisha wakaenda zao wakijipongeza. Hawakumwambia mtu. Pampu za maji zikanyamaza, hospitali ikakaukiwa huku imezungukwa na maji pande zote, wauguzi wakawa wanakinga ndoo chini ya mabati kama watoto. Minara ya simu ikafa betri zilipoisha, hata mwenye malalamiko akakosa pa kuyapeleka. Mvua ilipokatika kila shirika likamnyooshea mwenzake kidole. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini safari hii nyasi zilikuwa na mdomo. Watu walijaa milangoni kwa wakubwa mpaka wakubwa wakasema haya, umeme, maji, simu na hospitali, ketini pamoja kabla ya mvua nyingine, kila mmoja ajue anamwambia nani nini.

Wakaketi katika chumba cha mikutano cha hospitali, chini ya feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alikuwa Matroni, mama mfupi aliyeweza kunyamazisha chumba kizima kwa kuvua miwani tu. Kwa upande wa simu alikuja bwana mmoja mtanashati waliyempachika jina la Salio, kwa sababu la kwake lilikuwa haliishi: akianza kusema, haachi mpaka aombwe. Upande wa maji alikuwepo Mzee Koki, msimamizi wa pampu, mtu aliyeshinda na koki na mabomba tangu ujana wake. Na upande wa umeme akatumwa Volti, mkuu wa zamu katika chumba cha swichi, ambaye ndiye aliyemwoa binti mkubwa wa Mzee Koki.

Matroni ndiye aliyeleta ile kanuni. "Wodini kwangu," alisema, "daktari akiniambia dawa fulani, kiasi fulani, mgonjwa fulani, mimi namrudishia maneno yake yote kabla sijagusa sindano. Nikiwa nimesikia vibaya, hapo ndipo anaponishika. Na sisi kwenye redio tutafanya hivyo hivyo. Ukipewa amri, irudishe kwa mwenyewe. Asiyerudisha hajasikia."

"Kwetu sisi," alisema Mzee Koki, "mtoto anayerudisha maneno anakula bakora."

Watu wakacheka, na Matroni mwenyewe akatabasamu. Kisha wakagawana redio za mkononi, wakajaribu pale pale chumbani. Ikatokea kwamba Mzee Koki amwamuru Volti azime laini moja. Volti akarudisha kama alivyofundishwa: "Umesema nizime laini ya bondeni, ndivyo?"

Mzee akaiweka redio mezani, akawageukia wenzake. "Jamani! Mkwe wangu ananirudishia maneno mbele za watu. Nimdai binti yangu, au nimsamehe?"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Salio alicheka mpaka akajifuta machozi. Ulikuwa mzaha wa mtu mzima mwenye furaha ya kukaa kazi moja na mkwewe, wala hapakuwa na sumu ndani yake. Lakini Volti alikuwa mtu wa kuona haya kuliko kawaida ya wanaume wa rika lake, na masikio yalimwaka mpaka kikao kikaisha. Nyumbani mkewe alikuwa ameshasikia, akamtania kwa siku kadhaa: akimwambia leta chumvi, anaongeza, "Na usinirudishie maneno." Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi pamoja na baba yake kwenye pampu, ndiye aliyezidi. Huyo shemeji hakuwa na breki ya mdomo. Kila wakikutana alimpigia saluti na kusema, "Umesema nikusalimie, ndivyo?"

Volti alicheka nao. Moyoni alijiapiza kwamba hilo halitamkuta tena.

Siku ya zoezi ikafika. Jua lilikuwa kali, mto umelala chini kabisa kama usiojua kusudi la mkutano ule. Walikubaliana wajifanye kwamba maji yamepanda: umeme uzimwe bondeni, pampu moja ibaki hai kwa ajili ya hospitali, simu wapeleke jenereta kwenye mnara wao, na hospitali ihesabu matangi yake. Kila mtu kwenye kituo chake, wote kwenye mkondo mmoja wa redio.

Mambo yakaanza vizuri. Volti alizima laini za bondeni, na pampu ya pili ikazimika nazo, kwa kuwa ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo. Kule kwenye pampu Mzee Koki hakujua kwamba imeshazimwa kutoka chumba cha swichi. Aliiona imesimama, na pampu inaweza kusimama kwa sababu nyingi. Shafti yake, chuma kile kinachozunguka, ilikuwa imeviringwa na majani na mifuko ya plastiki, na mwanawe alikuwa ameshafungua kifuniko ili aing'oe ile takataka. Mzee akamzuia. "Usiingize mkono kwanza," akamwambia. "Ngoja nihakikishe na umeme." Akabonyeza redio.

"Mkwe, hapa ni maji. Pampu ya pili, funga."

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu balaa lote limelala ndani ya neno hilo. Kwa mtu wa maji, kufunga ni kuzuia. Ukifunga koki, maji hayapiti, hata mtoto anajua. Kwa mtu wa umeme ni kinyume chake. Swichi ikifungwa vyuma viwili vinagusana na umeme unapita. Ikifunguliwa vinaachana na umeme unakatika. Mzee Koki aliposema funga, alikuwa anasema zima. Volti aliyesikia funga alikuwa ameketi katika chumba ambamo neno hilo, tangu aajiriwe, lilimaanisha washa.

Na Volti alishtuka. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye. Alijiuliza: mzee anamaanisha nini? Kama anataka izimwe, mbona imeshazimwa? Labda anataka iwashwe, na amesema kwa lugha yetu ili atuheshimu. Au labda hajui kwamba imezimwa. Kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye kitufe, maneno tayari mdomoni: umesema niwashe pampu ya pili, ndivyo? Kuuliza si ujinga, na kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yake. Lakini mkondo ulikuwa mmoja. Matroni alikuwa anasikiliza, na Salio, na shemeji yake pia. Alikisikia kicheko chao kabla hakijachekwa.

"Sawa, baba," alijibu.

Kule kwenye pampu Mzee Koki alisikia sawa, na sawa ya mkwe kwa mkwewe ni neno lililokamilika. Akamwambia mwanawe, "Haya, endelea." Volti akafunga swichi. Pampu ile ilikuwa ya zamani, haikuhitaji kubembelezwa. Umeme ukiifikia, inazunguka.

Redio ilileta ukelele mmoja, kisha sauti ya Mzee Koki ikiita, "Zima! Zima! Mwanangu! Zima!" Volti alizima mara moja. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda. Daktari alisema kijana mwenyewe ana bahati, kwamba angeweza kupoteza mkono mzima au kuvutwa yeye mzima. Volti aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, mgongo ukutani, akishindwa kumtazama mkewe aliyekuwa amekaa sakafuni na kitenge mdomoni. Mzee Koki alikuwa akitembea kwenda na kurudi, shati limelowa damu ya mwanawe, na kila aliyefika alimwambia yale yale, bila kuulizwa.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema funga. Mwenzangu amefanya nilichomwambia."

Alimwambia Matroni. Alimwambia Salio. Alimwambia mkubwa wa shirika la umeme alipofika na gari lake, na mkubwa yule akashusha pumzi waziwazi, akamgonga Volti begani kama aliyefaulu mtihani. Volti akanyamaza.

Kamati ilikaa kuchunguza. Wakalichambua lile neno mpaka likachanika. Wakapitisha kwamba kuanzia sasa umeme utawashwa na kuzimwa tu, na kufunga na kufungua kutabaki mali ya maji. Ilikuwa busara, na kila mtu alifurahi kwamba mkosaji amepatikana, na kwamba ni neno. Ila neno halina kazi ya kunyang'anywa, kwa hiyo wakasema pia kwamba Mzee Koki aondolewe kwenye redio na akabidhi pampu kwa mtu mwingine, maana umri nao umekwenda. Mzee aliitika kwa kichwa. Alikuwa amebakiza muda mdogo tu astaafu, na alitegemea kuondoka akiwa ameinua uso.

Kisha Matroni akavua miwani. "Nina swali moja. Amri ilirudishwa?"

"Nilijibu, Matroni," akasema Volti.

"Alijibu," akadakia Mzee Koki haraka. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Msimwingize mtoto wa watu."

Wote waliokuwa kwenye mkondo siku ile walilisikia jibu, na hakuna aliyekumbuka kama lilikuwa refu au fupi. Ukelele uliofuata ulikuwa umefuta kila kitu. Matroni akamtazama Volti kwa muda, kisha akavaa miwani yake. Mambo yakaishia hapo, kwa watu wengine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikwenda nyumbani ikashindwa kula.

Aliendelea kwenda wodini, maana asingekwenda ingeonekana. Shemeji yake alimpokea kwa mzaha ule ule, mkono umefungwa bandeji, mkubwa kama mtoto mchanga. "Shemeji, wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimebakiwa na viwili, nitamvunja kwa mbinde." Volti alicheka na machozi yakamlenga, akasingizia harufu ya dawa. Angeona nafuu kama angetukanwa.

Jumapili moja mchana akiwa nyumbani, mkewe akamwita kutoka dirishani kwa sauti ya kushtuka. Baba alikuwa anakuja. Mzee Koki hakuwa na desturi ya kuingia ingia nyumbani kwa mkwewe. Alikuja kwa msiba au kwa mtoto kuzaliwa, akakaa kidogo, akaaga. Leo aliingia, amevaa koti lake la kwendea mikutanoni, akakataa kiti kikubwa, akachukua kigoda cha karibu na mlango kama mgeni mwenye shida.

"Shikamoo, baba," alisema Volti.

"Marahaba, mkwe. Sikai." Akaivua kofia yake, akaishika magotini. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi, baba?"

"Wewe. Nimekutia doa kazini kwako. Kijana amepanda ngazi kwa jasho lake, halafu mzee mzima anatamka neno nusu nusu, linamfanya amkate shemeji yake vidole. Utalala na hilo maisha yako yote, na aliyekutwisha ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Volti aliona utosi wa mkwewe, upara wenye makovu madogo ya mabomba ya chini chini aliyokuwa akijigonga nayo, na aibu ikamjaa. Mtu akikukosea unaweza kuvumilia. Mtu uliyemkosea akija kukupigia magoti ndani ya nyumba yako, hapo huna pa kuuweka uso.

"Baba, usiniombe radhi," alisema. "Mimi nilitia shaka."

Mzee akainua kichwa.

"Uliposema funga, nilijua neno hilo lina njia mbili. Nilitaka kukuuliza. Kitufe nilikuwa nimekishika. Nikaacha."

"Ukaacha kwa nini?"

"Kwa heshima, baba. Sikutaka kukurudishia maneno."

Mzee Koki aliigeuza geuza kofia. Mkewe Volti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na glasi ya maji aliyomletea baba yake. Hakuisogeza mbele wala hakuirudisha.

"Tungekuwa sisi wawili tu kwenye ile redio," akasema mzee, "ungeuliza?"

Volti alifikiri, na jibu lilikuwa wazi hata kabla hajamaliza kufikiri. "Ningeuliza."

"Kwa hiyo uliogopa kuchekwa."

"Ndiyo, baba."

"Basi usiseme uliniheshimu mimi." Akavaa kofia, akasimama. Hakupandisha sauti. "Mwanangu anajua?"

"Hajui."

"Na mbele ya wale wa kamati nilisimama nikakutetea. Nikasema alijibu." Akatikisa kichwa taratibu, kama anayejishangaa alivyokuwa siku ile. "Nenda ukaseme kote ulikonyamaza."

Akatoka. Mkewe alimfuata baba yake mpaka barabarani, na aliporudi alipita mbele ya mumewe bila kumtazama. Glasi ya maji ilibaki juu ya meza. Siku hiyo na zilizofuata alimwandalia chakula kama kawaida, akamwambia chakula tayari, na maongezi yao yakaishia hapo.

Volti akaenda kusema. Alianza wodini, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Shemeji yake alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amejiandaa kucheka mahali pa kuchekea, na mahali hapo hapakuja. Mwishowe aliutazama mkono wake, akasema amechoka, angependa kulala kidogo, akageukia ukutani. Halafu Volti akasimama mbele ya kamati. Mkubwa wake wa umeme alikunja uso kwa hasira, na walipotoka nje alimwambia, "Ulikuwa umeshachomoka mtegoni, ukarudi mwenyewe kuukanyaga. Nani alikuuliza?" Akamwahidi barua ya onyo na akaitimiza ahadi hiyo, pengine ahadi pekee aliyowahi kuitimiza kwa wakati.

Lakini Matroni alisikiliza bila kuvua miwani. Alipomaliza Volti, alisema kosa la neno walishalitibu, ila ugonjwa walikuwa hawajaugusa. Akauliza ni wangapi mle ndani wangethubutu kumsahihisha mkubwa wao hewani, kila mtu akisikia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Salio alitazama viatu vyake. Ndipo wakapitisha kanuni nyingine: kwenye mkondo hakuna baba, hakuna mkwe, hakuna mheshimiwa wala mdogo wangu. Kuna Umeme, Maji, Simu na Hospitali. Umeme hauoni haya mbele ya Maji, na Maji hayana watoto. Mzee Koki akarudishwa kwenye redio na pampu zake, kwa kura za wote, na Volti alinyoosha mkono juu kuliko mtu yeyote.

Zoezi lilirudiwa mawingu yalipoanza kukusanyika kule juu mto unakotoka. Volti aliketi kwenye chumba cha swichi.

"Umeme, hapa ni Maji," ilikuja sauti ya mzee. "Zima pampu ya pili."

"Maji, hapa ni Umeme. Umesema nizime pampu ya pili. Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akazima, akasema amezima, na kule Maji yakarudisha kwamba yameambiwa imezimwa. Kwenye redio hapakuwa na kicheko wala kikohozi. Matangi ya hospitali yalijaa, mnara wa simu ukaendelea kuongea, na bondeni hapakubaki waya wenye umeme isipokuwa ule waliokubaliana ubaki. Mvua ingekuja ingewakuta wamejipanga. Matroni akasema hewani kwamba ameridhika, na kutoka kwa mwanamke yule hilo lilikuwa kama kupigiwa ngoma.

Baadaye walikusanyika nje ya nyumba ya pampu kufunga kazi. Redio zilikuwa zimeshazimwa na kurundikwa ndani ya boksi. Shemeji mtu alikuwepo, mkono wa kulia mfukoni, akimwonyesha Salio jinsi ya kukaza koki kwa mkono wa kushoto. Alipomwona Volti aliitikia salamu yake vizuri tu, kama anavyoitikia mtu wa ofisi nyingine. Mzee Koki alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa kando ya ukuta. Volti akamwendea, akainama kidogo kama alivyoinama kila mara tangu siku ya posa.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama usoni. Hapakuwa na hasira machoni mwake, ingawa Volti alikuwa amejiandaa kwa hasira.

"Marahaba, Umeme," alisema mzee, akaendelea kujifuta mikono.

Salio akaangua kicheko, akapiga makofi, akasema huyu mzee ameishika kanuni kweli kweli, mpaka nje ya redio anaifuata! Wenzake nao wakacheka. Volti akacheka pamoja nao, kwa sauti, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama.